Nyonga Yangu na Njaa ya Watu wa Matinyani

Tangu nirudi Mbumbuni, kila anayeleta suruali ya kupunguzwa anaanza na swali lilelile: "Fundi, kulienda aje huko?" Nami hujibu "Mungu ni mwema," kisha naendelea kumpima kiuno. Najua hilo si jibu. Lakini hadithi yenyewe ni ndefu, na nikifika katikati huingia mteja mwingine, nikalazimika kuanza upya. Kwa hiyo nimeiandika mara moja. Someni, mpeane, halafu mniache nishone.

Nawaambia mapema kwamba niliogopa. Sisemi ule woga ambao mtu huusimulia baadaye akijisifu. Niliogopa nikiwa nyumbani, nikaogopa barabarani, nikaogopa nikiwa nimelala uchi mbele ya watu waliofunika nyuso. Anayetaka hadithi ya shujaa amtafute mtu mwingine.

Mbumbuni hadi Kilungu

Mguu wangu wa kulia ndio unaokanyaga cherehani. Mwaka juzi ulianza kuniuma gotini, jioni baada ya kazi, halafu mchana, halafu saa zote. Hayo ndiyo niliyowaambia. Ambalo sikuwaambia ni kwamba maumivu makubwa hayakuwa gotini. Yalikuwa kwenye kinena, pale paja linapokutana na mwili, na mwanamume wa umri wangu hasimami katikati ya soko akatangaza kwamba anaumwa kinena. Goti ni ugonjwa wa heshima. Ukisema goti watu wanakupa pole na kiti. Ukisema kinena wanakuangalia usoni, kisha wanamwangalia mke wako.

Basi nikasema goti, na goti likatibiwa. Lilipakwa mafuta, likafungwa bandeji, likaombewa. Nikaanza kuchechemea. Mguu ukaonekana umefupika, na mimi, kwa kuwa ni fundi, nikapunguza upande mmoja wa suruali zangu zote badala ya kujiuliza kwa nini.

Mwishowe nikapelekwa Kilungu kwa mkandaji anayeitwa Mama Ndunge, mama mnene mwenye mikono ya kukanda chapati za harusi. Nyumba yake iko juu kilimani, na kutoka barabarani unapanda kwa mguu katikati ya mashamba ya watu. Nilipanda njia hiyo mara tatu kwa fimbo, nikipumzika kila mahali palipokuwa na jiwe la kuegemea. Mara mbili za kwanza alikanda goti. Mara ya tatu alinitazama nikilala kwenye mkeka, akakunja uso, akaushika mguu na kuugeuza kwa ndani ghafla.

Nilipiga ukelele uliowafanya mbuzi wake waruke.

"Inauma wapi?" akauliza.

"Kwa goti."

"Wewe unanidanganya. Na mkono yako iko wapi sasa?"

Niliangalia. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika kinena.

"Mficha maradhi kilio humfichua," akasema, akafuta mafuta mikononi. "Mimi nakanda kitu imeteguka. Hii haijateguka, hii imelika huko ndani. Enda upigwe picha. Na usirudi hapa, utaniharibia jina."

Nilishuka kile kilima polepole, na haikuwa kwa sababu ya mteremko.

Mambo ya picha na karatasi nayaruka. Daktari aliweka picha kwenye mwangaza akanionyesha nyonga mbili. Ya kushoto ilikuwa na kichwa cha mfupa cha mviringo, laini, kimeketi ndani ya kikombe chake. Ya kulia ilikuwa kama muhogo uliotafunwa na panya. Akasema watakata kichwa hicho chote, wakitupe, na waweke cha chuma. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayezungumzia kubadilisha kifungo cha shati.

Mimi nimekata nguo kwa miaka ishirini na sita. Najua kitu kimoja ambacho wateja hawakijui: kuna siku mkasi unateleza. Nimewahi kuharibu vitambaa vya watu, nikavificha kwa mshono wa ziada, na wengine wenu mnavivaa hadi leo mkijisifu kwamba ni mtindo. Nilipomwangalia daktari yule nikajiuliza kuhusu siku zake za kuteleza. Usiku ule sikulala, na wa kesho yake pia.

Mbumbuni hadi Kitui, nikiwa maiti

Upasuaji ulikuwa ufanywe katika hospitali moja ya Kitui, ambako daktari wa mifupa hufika kwa zamu. Akishaondoka, unangoja miezi hadi arudi. Kwa kuwa sikuweza kukaa kwenye kiti bila kulia, jirani yangu Kioko, anayesafirisha maembe, aliosha pikapu yake, akatandika godoro nyuma, nikalazwa pale. Mke wangu Nduku akaketi karibu na kichwa changu na kapu la chakula.

Vumbi la barabara ya Tawa mnalijua. Nduku akanifunika shuka kutoka vidole hadi utosini, akaipachika pembeni mwa godoro isipeperuke. Tukaenda hivyo, tukapita Masii, mimi nikiangalia kitambaa cheupe na kuhesabu mashimo ya barabara kwa nyonga yangu.

Kabla ya Wamunyu gari likasimama. Nikasikia viatu vizito.

"Pole sana, mama," sauti ya mwanamume ikasema. "Mnapeleka kuzika wapi?"

"Si kuzika, afande," Kioko akajibu. "Ni mgonjwa."

"Mgonjwa gani anafunikwa mpaka uso? Toa pamiti ya mazishi."

"Hakuna pamiti, afande, huyu mtu ni mzima!"

"Wacha mchezo. Mnabeba maiti na gari ya maembe, bila pamiti, halafu unaniambia ni mzima?"

Mngedhani ningeinuka mara moja nijitetee. Sikuweza. Nililala chini ya ile shuka, nikamsikia mtu mgeni akinihesabu miongoni mwa wafu. Nilijiambia kwamba hivi ndivyo nitakavyorudi, kwa pikapu hii hii, kwa shuka hii hii, na Kioko atakuwa na karatasi anayoulizwa. Machozi yakanitoka yakaingia masikioni.

Nduku akavuta shuka. "Baba Mwende, msalimie afande."

"Habari ya kazi, afande," nikasema.

Yule askari aliruka nyuma hatua mbili, kofia ikamwanguka. Alipojikusanya akaja akainama juu yangu, kijana tu, umri wa mwanangu wa pili. "Mzee, pole," akasema taratibu. "Lakini usiwahi funika uso kama bado unapumua. Si vizuri." Akatupa njia kwa mkono wa salamu.

Wamunyu Kioko alinunua chapati na madondo ya maharagwe, akala yeye na Nduku. Mimi sikugusa. Kutoka pale hadi Kitui nilikataa shuka, nikameza vumbi lote la njia nikiwa na uso wazi.

Matinyani, kwa wakwe

Tulifika Jumamosi, na hospitali ilikuwa inanitarajia Jumatatu. Siku hizo mbili ilibidi tukae Matinyani, karibu na mji wa Kitui, kwao Nduku. Hapo ndipo nilipokutana na shida ambayo hakuna daktari angeielewa.

Wengi wenu ni Wakamba, lakini nawaeleza wale waliokuja Mbumbuni kwa biashara. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hatushikani mikono. Siingii anakolala, naye hanioni nikiwa nimelala wala nikiwa sijavaa sawasawa. Nikimkuta njiani, mmoja wetu hupisha. Kwa miaka ishirini na miwili nimemheshimu mama huyo vizuri sana kwa kukaa mbali naye. Sasa naletwa uani kwake nikiwa nimelala chali kama gunia, siwezi hata kukaa.

Anaitwa Susu Kavata; susu kwetu ni nyanya wa wajukuu. Ana miaka sabini na kitu, mwembamba, amenyooka. Pikapu ilipoingia alitoka nyumbani, akaniona, akageuka papo hapo akaikabili ghala ya mahindi.

"Baba Mwende, mmefika?" akaiuliza ghala.

"Tumefika, Mama," nikaliambia godoro.

"Mguu?"

"Uko tu, Mama."

"Mungu yuko."

Nililazwa katika nyumba ya shemeji yangu Muthoka, upande wa pili wa ua. Chakula kilipikwa na Susu Kavata mwenyewe, muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na kunde na kuku mzima, kikaletwa na Nduku. Nilikula kidogo kwa adabu. Usiku niliota mkasi.

Kesho yake Jumapili walienda kanisani wakaniacha. Susu Kavata ndiye kiongozi wa maombi ya kina mama pale, na Nduku aliporudi alikuwa na habari. Mama yake alisimama mbele ya watu, akasema mkwe wake anaenda kukatwa Jumatano, na kwamba yeye ataanza kufunga jioni ile ile, bila chakula, maji pekee, hadi upasuaji uishe. Akauliza nani atafunga naye. Watu kumi na mmoja wakainua mikono.

"Kumi na wawili na yeye," Nduku akasema.

Sijui niwaelezeje kilichonipata. Sikuwa na imani na mkono wa daktari, na yangu mwenyewe ilikuwa imekwisha kule Wamunyu. Lakini watu kumi na wawili wenye njaa kwa ajili yangu, hiyo niliiamini. Niliomba majina yao, Nduku akanitajia, nikawa nayarudia. Muthoka na mkewe, mwalimu wa shule ya Jumapili, fundi wa baiskeli, mama anayeuza nyanya. Wengine sikuwajua hata sura. Usiku wa Jumapili nililala kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima.

Matinyani hadi wadini

Jumatatu nikalazwa hospitalini. Kitanda changu kilikuwa kando ya dirisha linalotazama baraza ndefu yenye benchi, na mlango wa wadi wa kutokea barazani ulikuwa mwisho wa ukuta huohuo, hatua kama kumi na tano kwa mtu mzima wa afya. Muuguzi mkuu alikuwa mama wa makamo tuliyemwita Sista. Alisoma karatasi zangu akainua macho.

"Damu yako iko wapi?"

"Iko ndani," nikamwambia kwa uaminifu.

Hakucheka. "Nauliza watu wa kukutolea damu. Hii oparesheni inamwaga. Nataka watu wanne angalau, kesho. Bila damu daktari hagusi."

Nduku alienda kando akampigia Muthoka. Alirudi ametulia. "Hakuna shida. Muthoka anasema wale wa maombi wote watakuja. Wamefurahi hata."

Nami nikafurahi. Niliona jinsi mambo yanavyopangika: wataniombea na watanipa damu, watu walewale, kwa safari moja. Hapo tulikuwa watu wazima watatu, nimesoma hadi darasa la nane, Nduku hadi kidato cha pili, Muthoka ni karani wa shamba la ushirika, na hakuna hata mmoja aliyeona kosa.

Benchi la wachangia damu

Walikuja Jumanne asubuhi, wote kumi na wawili, wamevaa nguo za kanisani. Niliwaona kwa dirisha wakipita barazani mmoja mmoja. Walitembea polepole. Fundi wa baiskeli aliweka mkono ukutani alipokuwa akipita.

Yaliyofuata alinisimulia Nduku, aliyekuwa nao. Walikalishwa kwenye benchi la chumba cha damu, na muuguzi akaanza na wa kwanza, mwalimu wa shule ya Jumapili.

"Umekula nini leo?"

"Sijakula," mwalimu akasema kwa furaha.

"Na wewe?"

"Sijakula."

"Nyinyi wote?"

"Sisi tumefunga, sista. Tunamfungia yule mgonjwa."

"Tangu lini?"

"Jumapili."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Sasa mnataka nitoe damu kwa watu wenye hawajakula siku mbili? Muanguke hapa kumi na wawili, mimi niandike nini?"

Kelele ikazuka. Mama wa nyanya akasema yeye ana nguvu za Roho. Muuguzi akasema mashine yake haipimi Roho. Mwishowe yule Sista wa wadi yangu akaitwa, akatoa uamuzi: leo wale chakula washibe, walale, wafike kesho saa moja asubuhi. Damu ikipatikana mapema, atamwomba daktari anisogeze niwe wa pili badala ya wa kwanza. Isipopatikana, jina langu linafutwa, na daktari anaondoka Ijumaa.

Nduku alinieleza haya huku akikunjakunja leso. Kisha akasema, "Mama amekataa."

"Amekataa nini?"

"Kuwaambia wenzake wale chakula. Anasema aliweka ahadi mbele ya Mungu. Anataka kuongea na wewe."

Nikasikia kikohozi kidogo nje ya dirisha. Susu Kavata alikuwa amesimama barazani, ameegemea ukuta pembeni mwa dirisha, mahali ambapo hawezi kuniona wala mimi kumwona. Niliona ncha ya leso yake tu.

"Baba Mwende."

"Naam, Mama."

"Nimeambiwa tule. Mimi siwezi fungua kitu nimefunga kwa ajili ya mtu mwingine. Hii kufunga ni yako. Wewe ukisema tuendelee, tunaendelea, hata kama ni kungoja huyo daktari arudi mwaka ujao. Ukisema tule, tutakula. Lakini useme wewe."

Ndugu zangu, hapa nitasema jambo ambalo sikumwambia hata mchungaji. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Niliona mlango umefunguka. Ningesema, "Endeleeni, Mama, nawaheshimu, maombi kwanza." Jina langu lingefutwa. Ningerudishwa Mbumbuni na mguu wangu mbovu, nikiwa hai, na hakuna mtu duniani angesema fundi aliogopa. Mngesema fundi ni mtu wa imani. Ningekaa kwenye cherehani nikanyage kwa mguu wa kushoto, na kila mwaka ningepata sababu nyingine nzuri.

Na palikuwa na woga mwingine chini ya huo. Nikiwaambia wafungue, nitaingia kule ndani bila kitu. Nilikuwa nimepata usingizi siku mbili kwa sababu ya njaa yao. Sasa niambiwe niiondoe mwenyewe, kwa mdomo wangu, usiku mmoja kabla ya kukatwa?

Mgonjwa wa kitanda cha pili alijifanya amelala. Nikaanza, "Mama, unajua maombi ni..."

Nduku akaniinamia hadi pumzi yake ikanifika sikioni. Mke wangu ni mpole, mnamjua, hata wateja wenye deni huwaamkia vizuri. Akasema kwa sauti ya chini, "Usijifiche nyuma ya njaa ya mama yangu."

Niliona aibu hadi miguuni. Nikageuza uso dirishani.

"Mama," nikasema. "Kuleni. Kila mtu ale ashibe."

Ile ncha ya leso haikusogea. Halafu akasema, "Haya," na nikasikia viatu vyake vikienda.

Walikula kwenye kibanda cha nje ya lango. Nduku anasema walianza na uji, wakaja kwa chapati, wakamaliza na sufuria nzima ya mahindi na maharagwe, na mwenye kibanda aliuliza kama wametoka jela. Mimi niliyatazama majina yao kichwani yakiondoka moja moja.

Saa kumi jioni kile kikohozi kikarudi dirishani.

"Baba Mwende. Wamekula."

"Asante, Mama. Na wewe umekula?"

"Mimi walinipima miaka kwanza. Wakasema damu yangu imezeeka, hawaitaki." Alikohoa kidogo. "Sasa kama hawataki damu, kwa nini nikule? Wacha wale watoe damu. Mimi nitatoa njaa. Nabeba ya wote."

"Mama, hapana, umri wako..."

"Nitakula siku utasimama," akasema. "Usibishane na mimi, si adabu."

Chumba cha upasuaji

Jumatano asubuhi saba kati yao walikubaliwa, wakatoa. Saa nne nikasukumwa.

Nilidhani nitalazwa usingizi nisijue lolote. Kumbe sivyo. Walinidunga sindano mgongoni, nikiwa nimejikunja na kijana mmoja amenishika mabega, na miguu ikaondoka. Ilikuwepo, niliiona, lakini haikuwa yangu. Wakaweka pazia la kijani mbele ya kifua changu. Yule kijana akabaki karibu na kichwa, akiniuliza kazi yangu, watoto wangapi, ili nisifikirie.

Nilifikiria kila kitu. Nilisikia vyuma vikigongana kwenye sinia. Nilisikia msumeno, na harufu ikanifikia, harufu ya mfupa unaokatwa, ile ya buchani. Sikuhisi maumivu hata kidogo, na hilo lilizidisha hofu, kwa sababu mwili wangu ulikuwa unasukwasukwa mezani na mtu nisiyemwona. Halafu nyundo ikaanza. Nyundo kabisa, ko, ko, ko, na kila pigo lilifika kwenye meno yangu.

Ndipo nikapiga kelele juu ya pazia: "Daktari! Umepima kwanza?"

Nyundo ikanyamaza.

"Anasema nini?" sauti ya daktari ikauliza.

"Yeye ni fundi wa nguo," kijana wa kichwani akaeleza.

Daktari akasema, bila mzaha, "Nimepima mara tatu, fundi. Urefu wa miguu yote miwili. Hata sasa napima tena kwa sababu umeniuliza."

Nililia basi. Nililia kama mtoto, machozi yakiingia masikioni kama kule barabarani, na yule kijana akayafuta kwa pamba bila kusema neno. Katikati ya kulia nilimfikiria mama mmoja mwembamba kwenye benchi la nje ambaye hakuwa ameonja kitu tangu Jumapili.

Kutoka kitandani hadi mlangoni

Wiki sita nilizouguzwa kwa Muthoka, na safari ya kurudi Mbumbuni, sitawachosha nazo. Njia ilikuwa ileile, Kioko yuleyule, na vizuizini hakuna aliyeniuliza lolote. Sehemu ndefu kuliko zote ilikuwa ile ya Alhamisi, ya hatua kumi na tano.

Asubuhi alikuja mama wa mazoezi ya viungo na fremu ya chuma yenye miguu minne. Akaiweka mbele ya kitanda.

"Leo tunasimama, baba."

Nikamwambia haiwezekani. Nilikuwa nimekatwa jana. Akasema ndivyo inavyofanywa siku hizi. Nikamwambia nasikia kizunguzungu, akapima, hakuna. Nikamwambia nina maumivu, akasema dawa nimepewa nusu saa iliyopita. Ukweli ni kwamba nilikuwa na picha moja tu kichwani: nakanyaga, kile chuma kinachomoka, naanguka, na mguu unabaki umelala peke yake upande mwingine. Mlikuwa mnanijua fundi anayebishana na wateja. Siku hiyo nilishika godoro kwa mikono yote miwili.

"Kesho," nikasema. "Kesho nitasimama bila kusukumwa."

Mama wa mazoezi akaanza kuondoa fremu. Sista alikuwa kitanda cha jirani akibadilisha bandeji, na hakugeuka. "Yule mama ya benchi nimemwambia unasimama leo," akasema. "Nimempelekea chai mara mbili. Anauliza tu, amesimama? Saa hii midomo imepasuka. Sasa nimwambie ni kesho?"

Nilitazama dirishani. Hakukuwa na kikohozi.

"Leta hiyo chuma," nikasema.

Sitaki mdhani ujasiri ulinishukia. Niliogopa vilevile, tena zaidi. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na hapa nguo alikuwa amevua mtu mwingine. Mama wa mazoezi akanifundisha: usijikunje sana, usivuke mguu juu ya mguu, tanguliza fremu, halafu mguu uliokatwa, halafu mzima. Wakaninyanyua. Sakafu ikawa mbali sana. Nikaweka mguu wa kulia chini, nikafumba macho, nikangoja uchomoke.

Haukuchomoka.

Nikatanguliza fremu. Mguu. Mguu. Jasho lilinitoka hadi gauni la hospitali likanata mgongoni. Katika hatua ya sita nilisema siwezi, na mama wa mazoezi akasema sawa, simama upumue, na nikapumua, na nikaendelea. Kila hatua niliamini ndiyo ya kuanguka. Nduku alikuwa barazani, na alipoona ninakuja akatoka mbio.

Nilifika mlangoni nikashika mwimo.

Susu Kavata alikuwa ameketi kwenye benchi, hatua nne kutoka kwangu. Aliposikia chuma kikigonga sakafu alijivutia leso juu ya uso, akanipa mgongo upesi, kwa kuwa nilikuwa nimevaa lile gauni lililo wazi nyuma, na adabu ni adabu. Mabega yake yalikuwa madogo kuliko nilivyoyakumbuka.

"Ni nani?" akauliza.

"Ni mimi, Mama."

"Umesimama?"

"Nimesimama."

"Na miguu yote miwili?"

"Yote miwili, Mama. Tafadhali kula."

Nduku alikuwa amekwisha kurudi na kikombe cha uji. Mama yake hakugeuka. Alinyoosha mkono kando akakipokea, na mkono ukatetemeka hata uji ukamwagika kwenye vidole. Nduku akamshikia. Hapo ndipo nilipojua kwamba haikuwa njaa tu; siku zote zile alikuwa anaogopa kama mimi.

Akaanza kunywa, taratibu, funda baada ya funda. Mama wa mazoezi akaniambia inatosha, nirudi nikakae, mguu utavimba. Nikamwambia angoje. Nilibaki pale mlangoni nimeshika ile fremu, mpaka mama mkwe wangu alipomaliza kikombe.